Mzigo Uliotangulia

Shimrok, 2 Oktoba 1993

Baba Nyima,

Sasa hivi tu mwanao amemwaga unga wa shayiri ndani ya kiatu changu, akaukoroga kwa mkono, akanisogezea na kuniambia, "Mama, kula." Nimecheka hadi mama yako akauliza kwa ukali kama kuna mgeni ndani. Kuufikia huo unga ametambaa kutoka mlangoni mpaka kwenye magunia, akivuta ule mguu kama mtu anayevuta mfuko, na njiani akasimama kwanza kumtukana mbuzi. Matusi yote ni ya mama yako. Mimi sikumfundisha hata moja.

Naandika polepole, kwa hiyo na wewe usome polepole. Miaka miwili niliyosoma kabla mwalimu hajakimbia baridi ndiyo hii unayoiona kwenye karatasi.

Lama Tsuldim amesema madaktari wa mifupa watakuja hapo Ringdo ulipo, mwezi huu huu. Anasema mwaka jana, huko bonde la pili, walimfunga plasta mtoto mwenye mguu kama wa Nyima, unyayo umepinda unatazama ndani. Wakafunga, wakafungua, wakafunga tena, na sasa anachunga kondoo. Lama amemwona kwa macho yake akimkimbiza kondoo mteremkoni.

Mama yako hataki. Anasema mguu huo mtoto ameuleta kutoka maisha aliyoishi kabla, tusimzuie kulipa alichokuja kulipa. Anasema Nyima atakaa dirishani asokote sufu, hakuna ubaya, mbona wapo. Baba Nyima, hapa kwetu maji yako chini, shamba liko juu, malisho ya kiangazi yako juu zaidi. Mtu asiyetembea hapa ataishi wapi? Ana miaka miwili na nusu na tayari ameshapewa dirisha. Nilimwongezea mama chai. Lakini nimeamua. Nitamleta.

Kinachonitisha ni ule upande wako wa mlima wa Sekyula. Kupanda mpaka juu penye bendera za sala naweza. Kushuka zile ngazi za mawe na mtoto mgongoni, naogopa hata nikiwa bado nimekaa hapa jikoni. Mwaka wa harusi yetu nilizishuka kwa makalio, na ulicheka, nilikusikia.

Niambie tarehe za madaktari na nifanye nini.

Wako, Dolkar


Ringdo, 9 Oktoba 1993

Mama Nyima,

Barua yako imenifikia jana, ina harufu ya siagi, nimeinusa mpaka wenzangu wakanitania. Thinle amesema, "Kaka, barua inasomwa kwa macho."

Madaktari watakuwa hapa kuanzia tarehe 20 mpaka 28. Mmoja ameshafika, mwanamume mrefu, anakula viazi pamoja na maganda. Nimesimama mbele yake nikamwonyesha kwa mkono wangu jinsi unyayo ulivyopinda. Akasema kwa umri huo bado inawezekana, ila asiletwe akiwa na miaka mitano. Nyima ni wa kwanza kwenye orodha yake. Niliandika jina mwenyewe, herufi kubwa.

Mimi ninaongoza wageni mpaka tarehe 17, siwezi kuja huko. Njoo na watu wa mizigo. Usije peke yako. Mimi nikimaliza nitapanda mpaka kile kibanda cha mawe upande huu wa Ringdo, chini ya ngazi, nitawangoja hapo. Sasa sikiliza vizuri. Ukifika juu penye bendera, kaa hapo. Usishuke na mtoto. Kutoka kibandani bendera zinaonekana, nitaliona koti lako jekundu, nitapanda nimchukue Nyima mgongoni mwangu, na wewe ushuke kwa makalio utakavyo. Hata nikichelewa, kaa hapo hapo juu mpaka nije.

Nitumie habari na Gyaltar wa nyumbu mtatoka siku gani, nipige hesabu.

Mama mpe chai, halafu fanya unalotaka. Baba aliishi naye hivyo miaka thelathini na hakuwahi kugombana naye.

Nina kikohozi kidogo, si kitu.

Urken


Shimrok, 15 Oktoba 1993

Baba Nyima,

Naandika haraka. Gyaltar anawafunga nyumbu wake mizigo na akimaliza hangoji mtu, unamjua.

Lama alifungua kitabu chake akasema siku njema ya kumsafirisha mtoto ilikuwa jana, tarehe 14, na baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka mwezi mwingine uandame. Jana unga wa njiani ulikuwa haujasagwa. Basi tulifanya wanavyofanya watu wote. Koti langu jekundu na kofia ya Nyima tumevifunga pamoja, mama yako akavipeleka kwa Shangazi Kunzang, nyumba ya mwisho kijijini, vikalala huko. Kwa hiyo safari imeanza jana, siku njema. Sisi tuna siku zetu tatu za kuufuata mzigo.

Tutakuja na Tsepak na yaki wake wa mizigo, wanatoka tarehe 17. Mama yako ameshona mfuko mpya wa kumbebea Nyima. Ndiyo, yule yule mama yako. Ameshona akinuna, lakini ameshona.

Nimemwambia Nyima atakuona. Akauliza, "Baba mrefu?" akanyoosha mikono juu ya kichwa. Nikamwambia si mrefu hivyo, usije ukamshangaa.

Amelala sasa, ingawa si saa yake. Mengine nitakusimulia kwa mdomo.

Dolkar


Shimrok, 18 Oktoba 1993

Baba Nyima,

Usiende kibandani. Naanza na hilo ili hata usiposoma mengine uwe umelisoma.

Tuko nyumbani. Alfajiri ile ambayo Gyaltar alikuwa anaondoka, Nyima aliamka anawaka kama jiko. Homa, kutapika, macho yameingia ndani. Sikukuandikia kwa sababu mama yako alinikataza. Unazijua habari zake. Mzigo ukishatoka, nyumbani hakuna anayeruhusiwa kutamka kwamba hamtoki. Ukitamka unaifukuza siku njema, na safari haitapata nyingine. Nami nilifikiri homa ni ya siku moja, tutamfuata Gyaltar hata kabla hajavuka, hutajua kitu.

Gyaltar hakuuliza chochote, alikuwa anagombana na nyumbu wake.

Jana ilikuwa siku ya tatu. Tsepak naye amekataa kutoka, anasema jua limevaa pete, theluji inakuja, ameteremsha yaki wake malisho ya chini. Mzigo wetu bado umening'inia kwa Shangazi Kunzang. Leo ni siku ya nne. Nilipopita kuteka maji Shangazi alisimama mlangoni akanitazama, nikainamisha kichwa kama mwizi.

Homa imeanza kushuka. Ameomba jibini kavu akainyonya, akamrushia paka iliyobaki. Madaktari wapo mpaka tarehe 28, kwa hiyo tukitoka hata tarehe 22 tunawahi. Nimehesabu kwa vidole vya Nyima maana vyangu vina unga, na kila kidole anakivuta akidhani namchezesha.

Juu hakuna anayevuka, kwa hiyo barua hii nampa mtawa anayepita njia ya mtoni. Anasema ni siku saba. Najua utakuwa umeshajua kabla. Ila nimeona afadhali niiandike kuliko kukaa nayo.

Dolkar


Kibanda cha mawe, 21 Oktoba 1993, kabla ya saa sita mchana

Mama Nyima,

Barua hii nampa mpishi wa wageni wanaoshuka kutoka ziwa la juu, aipeleke Ringdo kwa Thinle. Ukiwa unaisoma wewe, basi mlinipita nikiwa nimelala, mko Ringdo mnakunywa chai, na utanicheka mpaka tuzeeke. Sawa, nicheke.

Niko hapa tangu juzi jioni. Gyaltar aliniambia aliuona mzigo kwa macho yake, koti na kofia, umening'inia kwa Shangazi Kunzang. Nikapiga hesabu. Siku ya tatu ilikuwa tarehe 17. Hakuna mtu wa kwetu anayeacha mzigo wake ulale siku ya nne. Hata mjomba wangu mlevi, unamkumbuka, aliufuata wake siku ya tatu bila viatu. Kutoka Shimrok mpaka juu na mtoto ni siku mbili na nusu. Basi kufikia jana mngekuwa penye bendera.

Jana nilitazama mpaka macho yakauma. Leo tangu asubuhi ni ukungu, sioni hata ngazi. Theluji imeanza. Ni ile kavu, nyepesi, isiyo na haraka. Wageni wanasema hawakuona mtu juu, lakini wageni wanatembea wakitazama vidole vyao vya miguu, ningeweza kusimamisha yaki njiani wakampita. Nikamwambia mpishi wao, "Hukuona mwanamke na mtoto? Koti jekundu?" Akasema, "Ndugu, sikuona hata mkono wangu."

Nilikuambia mimi mwenyewe, kaa hapo juu usishuke mpaka nije. Nawe ukiambiwa kaa unakaa. Hilo ndilo linalonisumbua. Mtu mwingine ningejua ameshaniona mjinga, ameshuka zake.

Napanda. Nina blanketi, viazi vya kuchemsha na viatu nilivyomshonea Nyima, kimoja nimekiacha kipana kwa ajili ya plasta. Msipokuwepo penye bendera nitateremka upande wa Shimrok kidogo, niwaite, kisha nitarudi.

Kama mko Ringdo, usiningoje. Mpeleke kwa daktari, ni wa kwanza kwenye orodha. Mwambie daktari kwamba mtoto anauma watu.

Urken


Chini ya Sekyula, upande wa Shimrok, 24 Oktoba 1993

Kwa Lama Tsuldim, mkononi mwake tu

Mheshimiwa Lama,

Mimi ni Thinle, mdogo wake Urken. Nakuandikia wewe kwa sababu nyumbani kwetu msomaji ni mmoja, shemeji yangu Dolkar, na barua yoyote ikiingia mle ataisoma yeye kwa sauti mbele ya mama. Hii asiisome.

Tumempata kaka jana jioni. Mpishi mmoja aliniletea barua ya Urken tarehe 22, theluji ikiwa bado inaanguka. Ilipotulia tu tulipanda, watu sita na Gyaltar. Kibandani hayupo. Juu alikuwa amefunga kitambaa chake cha shingo kwenye mti wa bendera, ncha ya juu kabisa, nadhani ili waone mahali pa kumngoja. Yeye alikuwa ameteremka upande wenu, mwendo wa nusu saa. Ameketi nyuma ya jiwe. Blanketi lilikuwa pembeni yake, limekunjwa vizuri, limewekewa jiwe juu lisipeperuke, ni kavu ndani. Hakulitumia, Lama. Alikuwa anawawekea.

Tukajua basi na hao wawili wamo humo humo kwenye theluji. Leo tumechimba tangu kunapambazuka, kwa mikono, kwa masufuria. Gyaltar akashuka mpaka malishoni kutafuta watu wa kutusaidia, akamkuta Tsepak, na Tsepak ndiye aliyemwambia kwamba Dolkar na mtoto hawajatoka nyumbani hata siku moja. Gyaltar aliporudi akatuambia, niliketi chini. Mpaka sasa sijui kama nilikuwa nafurahi au nini.

Habari ya kifo sisi hatuiandiki, tunaileta kwa miguu, mikono ikiwa na kitambaa cheupe. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo usiihesabu hii kuwa habari. Hili ni ombi. Gyaltar anatangulia na karatasi hii. Sisi tunamleta Urken mwenyewe, polepole, theluji ni ya kiunoni. Tutafika tarehe 28 mchana.

Mama mwambie wewe, kwa maneno yako. Dolkar asiambiwe mpaka tufike. Namjua. Akisikia atamfunga mtoto mgongoni na kupanda kutupokea, hata koti hatachukua. Mpe kazi hekaluni. Na ule mzigo uondolewe kwa Shangazi Kunzang. Lazima tupite mlangoni pake, na sitaki kuuona.

Tena asitokee mtu wa kumwambia shemeji kwamba ni mzigo. Ni theluji. Mimi nitasema hivyo na Gyaltar ameapa kusema hivyo.

Thinle


Shimrok, 28 Oktoba 1993

Baba Nyima,

Mwanao amesimama. Sasa hivi, nilipokuwa natafuta kalamu, ameshika mtungi wa kupigia chai kwa mikono miwili, akajivuta, akauweka uzito wote kwenye mguu mzima, na ule mwingine akaugusisha chini kidogo tu, kama mtu anayepima maji ya kuogea. Nimehesabu mpaka tisa. Kisha akaanguka, akautukana mtungi.

Nataka usome hii mbele yangu, ndiyo maana naandika ingawa najua utafika kabla wino haujakauka. Nitakupa mkononi halafu nitatoka nje nikakate kuni mpaka umalize. Kuna maneno siwezi kuyasema nikiwa nakutazama.

Gyaltar alifika juzi. Amekuja bila nyumbu hata mmoja. Nikamwambia, "Kaka Gyaltar, nyumbu umewala?" Hakucheka, yeye anayechekeshwa hata na jiwe. Nikamuuliza habari zako. Akasema, "Yuko njiani, dada. Anakuja na Thinle na wenzake." Kisha akasema ana jino linamuuma, anakwenda kwa Lama. Kweli macho yake yalikuwa mekundu, na mdomo hakutaka kuufungua tena.

Sasa neno lenyewe. Nilikuandikia kwamba siku ile Gyaltar hakuuliza chochote. Nilidanganya. Aliuliza. Alisimama mlangoni akasema, "Mbona mtoto amelala, mko wazima humu? Nimwambie nini mumeo?" Mama yako akanitazama. Nikasema, "Mwambie mzigo umeshatoka." Ningeweza kumkimbilia mpaka darajani nikamnong'oneza, mama yako asingejua, na njia isingejua. Nilishika mlango tu. Niliogopa, Baba Nyima. Niliona nikiivunja siku njema kwa mdomo wangu, mguu wa mtoto hautapona, na itakuwa ni mimi niliyemweka dirishani. Kumbe nimekuweka wewe kwenye kile kibanda, siku sijui ngapi, na theluji ile, na kikohozi chako. Nilipoiona inaanguka nilikaa usiku mzima nikikuambia shuka, shuka, kama mwendawazimu. Sasa nimesikia uko njiani nimepumua. Unigombeze unavyotaka, nimestahili. Ila si mbele ya Nyima, ataniiga vibaya.

Wote hapa wamenibadilikia, utadhani mimi ndiye nilikuwa na homa. Mama yako ametia siagi kwenye chai yangu mara mbili, bila kupima. Hajanitania tangu juzi. Juzi hiyo alilala kando yangu ameshika mkono wa gauni langu, nikajifanya nimelala nisimwaibishe. Shangazi Kunzang ameurudisha mzigo mwenyewe, koti limekunjwa, nami nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Alimbusu Nyima kichwani akaondoka. Jana Lama alinipa taa zote za hekalu nizisugue, mia na nane. Nikamuuliza, "Kuna sikukuu gani?" Akasema, "Sugua tu, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo, huwa ananiita mke wa Urken.

Nafikiri wananihurumia kwa sababu ya madaktari. Leo ndiyo tarehe 28, wanaondoka, na jina letu limebaki juu ya orodha bila mtu. Nililia, sikufichi, nililia ndani ya taa za Lama mpaka nikalazimika kuzisugua upya. Lakini nimefikiri tena. Daktari alisema asifike miaka mitano. Mwakani atakuwa na mitatu na nusu. Tutatoka mapema, majira ya maua, wewe ukiwa hapa hapa nyumbani, utambeba wewe tangu mlangoni, na hatutategemea watu wa kupokea wala kupokewa. Hata mama yako nilipomwambia hivyo leo asubuhi hakubisha. Aligeuka ukutani tu.

Mbwa wanabweka upande wa juu. Nimechungulia. Watu wanashuka, ni sita, polepole, mmoja nyuma ya mwingine, na katikati wamebeba kitu kirefu. Naona umeleta mbao za ule mlango mpya ulioahidi kututengenezea, katikati ya theluji yote hii, ni wewe tu. Kofia ya Thinle naijua. Wewe bado sijakuona, nafikiri uko nyuma kwa ajili ya kifua, nami natazama nani anakohoa. Nyima nimemwambia Baba anakuja na amenyanyua mikono yake juu ya kichwa.

Lama ameingia uani, ananiita. Anasema nimwachie mama yako mtoto, niweke kalamu chini, nishuke. Nimemjibu nakuja, namalizia mstari. Ameita tena. Nilitaka kukuambia tu kwamba akisimama mbele yako usikimbilie kumshika, mwache kwanza ahesabiwe, kwa sababu akishaiona mikono yako iko tayari yeye